Utepe wa Miamvuli

Hardy Kambale hushona vitu ambavyo watu wengine wangevitupa. Kibanda chake kiko Albert Park, mjini Durban, chini ya jengo la ghorofa kumi na moja, na kimegusana na changu. Mimi natengeneza simu, yeye anatengeneza mahema, mabegi na miamvuli. Kinachotutenga ni ubao mmoja mwembamba, kwa hiyo mengi ya maisha yake nimeyasikia bila kuyauliza. Yaliyotokea mlimani sikuyaona. Nimesimuliwa na watu wanne, na pale walipopingana nimemwamini Hardy, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeandika daftarini.

Ana miaka arobaini na minne, mwembamba, na mpole kupita kiasi. Nasema kupita kiasi na najua ninachosema. Mteja akimfokea kwa zipu aliyoivunja mwenyewe, Hardy huomba radhi na kuishona upya. Nilishamwambia kwamba upole wake huo ni ugonjwa. Alicheka, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kwao ni Butembo, mashariki ya Kongo. Akiwa kijana alibeba mizigo ya wapanda mlima Ruwenzori, kutoka Mutwanga hadi kwenye vibanda vya juu, na mara nne alifika mahali penye barafu yenyewe. Halafu vita vikaufunga mlima, naye akafanya kama walivyofanya wengi, akashuka kusini nchi baada ya nchi mpaka akafika Durban. Alidhani hatagusa tena theluji maishani. Huku ni joto, bahari na makontena. Mtu wa Albert Park akikwambia anaogopa kitu, hakutajii theluji.

Aliyemrudisha kwenye theluji ni Daktari Matilda, Mtanzania mzaliwa wa Marangu, anayefundisha chuo kikuu kule Westville. Alileta hema lililopasuka. Hardy alipolikunjua akamwuliza, kwa adabu, kama lilipasuliwa na upepo wa mlimani au na mtu aliyelikunja likiwa limeganda. Daktari akamwangalia upya. Jibu lilikuwa la pili. Wiki tatu baadaye Hardy alikuwa amepanda naye milima ya Drakensberg, ambayo watu wa hapa huiita Berg, saa tatu kwa gari kutoka Durban, akiwa amebeba mzigo mgongoni na beleshi fupi la alumini mkononi.

Utafiti wa Daktari ni kuhusu theluji ya kule juu: inakaa siku ngapi, inayeyuka vipi, inaenda kulisha mito ipi. Kazi ya Hardy ilikuwa kubeba na kuchimba mashimo. Majira manne ya baridi amechimba mashimo. Ukimwuliza theluji ni nini atakwambia ni godoro lililoshonwa na mafundi wengi wasiojuana. Kila inapoanguka, tabaka jipya linalala juu ya lile la zamani, na swali pekee la maana ni kama yameshikana. Theluji nyembamba ikikaa wiki kadhaa penye kivuli, kwenye usiku mkavu wenye baridi kali, inageuka chembechembe zisizoshikamana, kama sukari. Ikija dhoruba na upepo ikaweka tabaka zito juu ya ile sukari, mlima unakuwa umebeba mzigo ambao haukufungwa. Hatua za mtu mmoja zinatosha kuuangusha wote. Hayo ndiyo maporomoko ya theluji, na katika milima ile hutokea mara chache sana, ndiyo maana watu hawayafikirii.

Kuna kipimo. Unachimba shimo, unakata nguzo ya theluji yenye upana wa beleshi, unalaza beleshi juu yake, halafu unagonga. Mara kumi kwa kiganja, mkono ukicheza kwenye kifundo tu. Mara kumi mkono ukicheza kutoka kiwikoni. Mara kumi kutoka begani. Nguzo ikivumilia yote thelathini, vizuri. Ikikatika mapema na kuteleza, rudi ulikotoka. Hardy aliyapenda haya mambo kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa miamvuli. Kibandani alikuwa akinionyesha kwa kugonga kitambaa kilichokunjwa, nami nikiitikia hata nisipoelewa.

Siku moja Daktari alimweleza kwamba zamani, kabla ya vile vidude vya redio ambavyo wapanda mlima huvaa siku hizi, watu walikuwa wakijifunga kiunoni kamba nyekundu nyepesi na kuiburuta nyuma. Theluji ikimfunika mtu, kamba huweza kubaki juu, kipande hapa kipande pale, na waliobaki wanajua pa kuchimba. Vidude vya redio vilikuwa vya chuo, Hardy asingeweza kuvichukua nyumbani. Basi wiki ileile akakusanya miamvuli myekundu iliyoharibika, akaikata vipande vyembamba, akaunga utepe wa mita ishirini na mbili. Kitambaa cha mwamvuli ni chepesi na hakinywi maji. Kila mita moja alitia mshale kwa uzi mweusi, ukielekea upande wa aliyefungwa. Wekundu wake ulikuwa wa aina nne, na kipande kimoja bado kilikuwa na nusu ya jina la duka la viatu. Mke wake alipouona alimwuliza kama ni pambo la harusi.

Mke wake ni Marie-Louise. Ana kiti chake saluni, anasuka, na kanisani anaongoza kwaya. Wazazi wake walipofariki alikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake Elysée alikuwa na sita. Alimlea, akamsomesha, na mwishowe akahangaika mpaka kijana akafika Ufaransa. Sijaona mtu anayempenda ndugu kama Marie-Louise anavyompenda Elysée. Picha yake ilikuwa mlangoni pa friji hata pale ambapo picha ya harusi ilikuwa bado kwenye bahasha.

Elysée alikuja Durban mwezi wa sita, baada ya vibali vyake vya Ufaransa kukwama. Niseme ukweli, nilimpenda. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kusaidia, hakuwa na majivuno ya watu waliotoka Ulaya. Alikuwa ameishi Grenoble miaka sita, na majira mawili ya baridi alifanya kazi kwenye mlima wa michezo ya theluji, akiwasaidia watu kupanda na kushuka vile viti vinavyoning'inia kwenye waya. Huko alipewa mafunzo ya siku tatu ya usalama, pamoja na kitabu chenye jalada la bluu. Kitabu hicho alikuja nacho. Na kila kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kweli, kwa kule kilikoandikiwa.

Kanisa lao lina desturi ya kupanda mlima kuomba. Wakongo wa Albert Park wanajua uzito wa jambo hilo. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa tisa, wanakodi kombi na kwenda Berg, wanalala kambini chini, na asubuhi wanapanda mpaka kwenye pango moja kubwa, ambako wanafunga na kuomba mpaka alasiri. Kwenye mlima wa maombi hakuna mtu anayetembea peke yake. Mahali pagumu wanashikana mikono, wanavuka mstari mmoja wakiimba.

Mwaka huo theluji kubwa ilianguka siku tatu kabla ya safari. Barabara kuu ya kwenda Johannesburg ilifungwa, malori ya bandarini yakalala njiani. Siku ya pili barabara zikafunguliwa. Waumini walifurahi, kwa maana wengi wao hawakuwahi kuiona theluji ila kwenye simu. Mchungaji Achille alisema ni baraka nyeupe. Na kwa kuwa Elysée alikuwa ameishi na theluji, akamteua kuwa kiongozi wa njia. Hakuna aliyemkumbuka Hardy. Hardy alikuwa mtu wa kubeba sufuria.

Wakaenda watu kumi na sita. Asubuhi kambini, wakiwa wamevaa makoti mazito ya mitumba na mabuti ya mpira, Elysée alifungua kitabu chake mbele ya wote na kuwasomea, kisha akatafsiri.

"Kitabu inasema hivi. Upande wa mlima wenye unaangalia kaskazini, ule iko na kivuli, theluji yake ni mubaya, inakaa bila kushikana. Upande wenye unaangalia kusini, jua inaupiga, theluji inatulia haraka. Sisi tutapita ule wa kusini. Nimeangalia mu simu, njia ya mufupi ya kwenda ku pango inapita kusini kabisa."

Watu wakasema amina.

Hardy alisikia, na alijua papo hapo. Kwa kule Ufaransa jua hupita upande wa kusini. Kwa huku jua hupita kaskazini, na upande wa mlima unaoangalia kusini ndio wa kivuli. Mashimo yake yote ya miaka minne aliyachimba upande wa kusini kwa sababu ni huko tu theluji hudumu. Mwezi wa nane, kwenye upande wa kusini wa mlima huohuo, yeye na Daktari walikuta sentimita ishirini za sukari. Sasa juu yake kulikuwa na theluji ya siku tatu. Si ajabu wengine hawakung'amua. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, jua linakupita juu ya kichwa, na mtu wa kule hakui akijiuliza mlima unaangalia wapi. Tena asubuhi ile kulikuwa na ukungu, jua lenyewe halikuonekana.

Alijua, na akanyamaza. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Kwetu shemeki haumukosoe mbele ya batu. Unamuita kando."

Shemeki ndiyo shemeji, na batu ni watu. Kaka wa mke, hata akiwa mdogo kwa umri, ni mtu ambaye ulienda kwao kuomba, na heshima hiyo haina mwisho. Hardy alipanga kumvuta pembeni njiani. Lakini njia ilikuwa nyembamba, Elysée alikuwa mbele kabisa akicheka na vijana wa kwaya, na Hardy alikuwa wa mwisho, sufuria kubwa na mifuniko yake ikimgonga mgongoni. Alijaribu kupita watu mara mbili. Mara zote mbili walimwambia aangalie sufuria. Hata leo nikiwaza mwendo ule wa saa mbili na nusu, napata hasira ambayo sijui nimwelekeze nani.

Alimfikia Elysée pale tu waliposimamishwa na korongo. Mbele yao palikuwa na mteremko mweupe mtupu, upana wake kama kutoka vibandani kwetu hadi kwenye robot ya pili, maana huku taa za barabarani huitwa robot. Ng'ambo, ukungu ulipopungua, pango lilionekana. Kuvuka ni dakika kumi. Njia nyingine ilizunguka kushoto, kwenye miamba ya upande wa kaskazini, ambako theluji ilikuwa imebaki madoamadoa. Huko ni saa moja na nusu zaidi. Watu walikuwa wameshaanza kushikana mikono.

Hardy akatua sufuria, akatoa beleshi lake mkobani, akaanza kuchimba ukingoni, pale mteremko ulipoanza. Baadhi ya akina mama waligeuza nyuso wakidhani anachimba choo. Alikata nguzo, akalaza beleshi juu, akagonga kwa kiganja. Moja, mbili, tatu. Ya nne, sehemu ya juu ya nguzo, nene kama godoro la kitanda, ilikatika safi na kumtelezea magotini. Akachota kilichokuwa chini yake, akasimama, akamfuata Elysée na kumvuta kando hatua tano.

"Shemeki, angalia hii." Akafungua kiganja. Theluji ikamwagika katikati ya vidole kama sukari ya kupima.

"Naona. Lakini huu upande ni wa kusini."

"Kitabu ni ya kule. Huku jua inapita kaskazini. Kusini ya huku njo kaskazini ya kule."

Elysée akafikiri. Hardy anasema alifikiri kweli, haikuwa dharau. Lakini watu kumi na wanne walikuwa wakitazama, na Mchungaji alikuwa ameshauliza mara mbili kuna nini.

"Nilisoma hii mambo, shemeki. Niko na karatasi yake."

"Najua."

"Basi?"

Hapo Hardy alifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake. Aligeuka akasema mbele ya watu, kwa sauti ambayo walio nyuma hawakuisikia na ikabidi warudishiwe na wa mbele. "Pasteur, hapa miye siende. Na batu basiende. Tuzunguke ku mawe."

Mchungaji Achille akamtazama Elysée, Elysée akaona aibu, na watu wote wakamtazama Marie-Louise, aliyekuwa katikati, mkono mmoja umeshikwa na mwimbaji wa sauti ya pili. Mume wake alikuwa amempinga mdogo wake mbele ya kanisa. Kila mtu alisubiri aseme yupi ana haki.

Elysée ndiye aliyemwokoa, au ndivyo alivyodhani. "Hakuna shida. Nitapita miye wa kwanza, peke yangu. Nikifika kule, mutanifuata."

"Elysée, hapana," akasema Hardy.

"Shemeki, dakika kumi tu."

Marie-Louise akaachia mkono aliokuwa ameushika. Hakusema fulani ana haki. Alimwendea mume wake, akafungua mfuko wa pembeni wa mkoba wake bila kuomba, akatoa ule utepe.

"Yaya, hii ni bintu ya batoto," akasema Elysée, akicheka. Yaya kwao ni dada mkubwa.

"Inua mikono."

Akainua. Dada yake akamfunga kiunoni mafundo mawili, kama alivyokuwa akimfunga mkanda wa kaptula ya shule. Elysée akaingia kwenye mteremko, mita ishirini na mbili za miamvuli zikimfuata juu ya theluji. Mmoja wa vijana alichukua simu arekodi. Baadaye aliifuta video hiyo, na sijamlaumu.

Alitembea hatua arobaini hivi. Hardy alikuwa anazihesabu, ameziandika arobaini na tatu. Halafu kukasikika mshindo mzito, kama mtu wa ghorofa ya juu amedondosha gunia la unga sakafuni. Ufa ukapita juu yake, kutoka mwamba hadi mwamba, na mteremko wote ukaanza kwenda. Elysée alitupa mikono mara moja. Haikuchukua sekunde kumi. Kilichobaki kilikuwa vumbi jeupe, na chini, kwenye tumbo la korongo, rundo la mabonge.

Hardy alitazama saa, ilikuwa nne na dakika arobaini na saba. Halafu alitazama juu, si chini. Alitaka kujua kama kuna kilichobaki cha kuanguka, kwa sababu nyuma yake walikuwapo watu kumi na wanne ambao wangekimbilia palepale. Kulia palibaki kipande, kushoto pote palikuwa pameshaporomoka mpaka kwenye mawe. "Kushoto tu! Batu bane, na mifuniko!" Alitaka watu wanne tu, na wanasema sauti hiyo hawakuijua ni ya nani. Marie-Louise hakusubiri kuhesabiwa. Alikuwa ameshafika nusu ya njia, akiteremka kwa makalio.

Utepe ulionekana sehemu mbili. Palikuwa na kitanzi kidogo kwenye mabonge ya juu, na hatua nane chini yake urefu wa mkono mmoja tu, wenye nusu ya jina la duka la viatu. Kijana mmoja alitaka kuuvuta, Hardy akampiga kofi mkononi. Alipiga magoti, akatafuta mshale mweusi. Ulielekea chini, kushoto. Wakachimba kuufuata huo. Hardy kwa beleshi, vijana kwa mifuniko ya sufuria, Mchungaji Achille kwa kifuniko cha chombo cha chakula, Marie-Louise kwa mikono. Theluji iliyoporomoka hukakamaa kama saruji, hilo Hardy alikuwa ameambiwa na Daktari, lakini hakuwahi kuigusa. Mshale mwingine. Mwingine. Kisha koti, bega, na kichwa kikiwa kimeelekea chini.

Uso ulikuwa na rangi ya majivu na mdomo umejaa theluji. Marie-Louise aliitoa kwa kidole, ndani kabisa, kama anavyofanyiwa mtoto aliyepaliwa. Elysée akakohoa. Akavuta pumzi yenye sauti mbaya, akakohoa tena, akaanza kulia. Saa nne na dakika hamsini na sita. Mfupa wa bega la kulia ulikuwa umevunjika. Wakamfunga mkono kwa ule utepe, wakashuka wote kwa njia ya mawe, na pangoni hakuna aliyefika.

Kwenye kombi, wakirudi, karibu na mji wa Mooi River, Marie-Louise alimwambia mume wake neno moja tu la safari nzima.

"Ulijua tangu asubuhi, pa kambi."

"Ndiyo," akasema Hardy.

Marie-Louise akageukia dirisha. Wiki tatu alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kuoga, na hakukaa naye mezani. Watu walimsifu Hardy kule saluni, Marie-Louise akiwa anasuka palepale, na hakuinua kichwa. Hardy alikonda. Nilimwambia ajitetee, kwamba yeye ndiye aliyemwokoa kijana. Akanijibu kwamba Marie-Louise anayajua hayo, na kwamba anachokidai ni zile saa mbili na nusu. Nikarudi kwenye simu zangu.

Jumapili ya pili Elysée alitoa ushuhuda kanisani, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Alisema Mungu alimzika na kumfufua, akasema habari ya utepe mwekundu, watu wakapiga vigelegele. Shimo hakulitaja. Jua la kaskazini hakulitaja. Hardy alikuwa kwenye benchi la nyuma, na alipiga makofi pamoja na wengine.

Halafu, Jumanne moja mchana, wateja hawapo, Elysée alikuja kibandani. Alikuja na dada yake, aliyesimama nje akiwa na kitana bado mkononi. Elysée akaweka kitabu cha bluu juu ya meza ya cherehani.

"Mukono yangu haiandike bado," akasema. "Andika weye."

"Niandike nini?"

"Kila fasi yenye wameandika *nord*."

Hardy alifuta vidole, akachukua kalamu anayotumia kuchora turubai. Alifungua ukurasa wa kwanza wenye picha ya mlima, akakata *nord*, yaani kaskazini, akaandika *sud*, kusini. Akafungua mwingine. Elysée alimgeuzia, kwa mkono wa kushoto, kurasa alizokwishazikunja pembe. Nilihesabu kupitia kwenye ufa wa ubao, zilikuwa sehemu kumi na moja. Ilipofika ya tisa Elysée akasema, taratibu:

"Asubuhi ile, wakati nilikuwa nasomea batu. Ungesema palepale, ningekasirika."

"Najua."

"Ningekasirika siku mbili, tatu. Halafu ningekuwa muzima." Akaushika ukurasa usijifunge. "Siku ingine, shemeki, unisemeshe mbele ya batu."

Hardy aliinua kalamu. Macho yalikuwa yamemlowa, na wino nao ulikuwa bado haujakauka. Marie-Louise aliingia kibandani, akavuta lile kopo la rangi tunaloligeuza kiti, akakaa kando ya mume wake, bega kwa bega kwa sababu nafasi ni ndogo.

"Zimebaki mbili," akamwambia. "Endelea."